Pasi ya Umeme Iliyopaa Angani

Star Wars ya George Lucas ilipoanza kuonyeshwa Marekani tarehe 25 Mei 1977, watu walipanga foleni ndefu nje ya majumba ya sinema, na wengi walirudi kuitazama tena na tena. Ilikuwa imegharimu dola milioni 11, na fedha hizo zilionekana: meli za angani zilizopita juu ya vichwa vya watazamaji zilikuwa na uzito, kutu na moshi kama meli za kweli. Muda si mrefu, huko San Francisco, mtengenezaji wa filamu aitwaye Ernie Fosselius aliisimulia upya hadithi hiyohiyo kwa pasi za umeme, tosta na tochi. Filamu yake, Hardware Wars, ilitoka mwaka 1978. Ina dakika kama 13 na iligharimu takriban dola 8,000. Ukiigawa bajeti ya Lucas kwa urefu wa filamu yake ya saa mbili, dola 8,000 zingelipia sekunde tano tu.

Filamu fupi za mzaha zinazoicheza shere sinema kubwa ya anga zimekuwa maelfu tangu wakati huo, na nyingi zinastahili kusahaulika. Hardware Wars haistahili. Nasema hivyo kwa sababu ndani yake umo ufundi ambao waliofuata waliuiga bila kuuelewa.

Fosselius hakuwa wa kwanza. Mwaka 1970 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Southern California, John Carpenter na Dan O'Bannon, walianza kutengeneza filamu fupi kuhusu wanaanga waliochoshwa na kazi yao, wakiutania ukimya na utukufu wa 2001: A Space Odyssey ya Stanley Kubrick. Baadaye iliongezwa urefu ikaingia majumba ya sinema mwaka 1974 kwa jina Dark Star, kwa gharama ya dola 60,000 hivi. Kiumbe wa ajabu aliyemo kwenye meli yao ni mpira wa kuchezea ufukweni uliobandikwa miguu. O'Bannon, aliyecheza pia kama mmoja wa wanaanga, ndiye anayehangaika na mpira huo kwa muda mrefu kwenye korido na katika shimo la lifti. Watazamaji hawakucheka kama alivyotarajia. Basi akaamua kwamba kama hawacheki, atawatisha, na wazo lilelile la kiumbe anayezurura ndani ya meli likazaa Alien ya mwaka 1979. Mzaha wa wanafunzi wasio na fedha ukawa mzazi wa mojawapo ya sinema za kutisha zinazoheshimiwa zaidi duniani.

Turudi San Francisco. Fosselius hakujaribu kuisimulia Star Wars yote. Aliifanya kazi yake kuwa trela, yaani tangazo la filamu ambayo haipo, na huo ulikuwa uamuzi wa akili sana kwa mtu mwenye kibubu chepesi. Trela hairukii tu vipande vizuri, bali pia inaruhusiwa kujisifu kupita kiasi. Kwa msimulizi alimpata Paul Frees, ambaye sauti yake Wamarekani waliijua kwa miaka mingi kutoka kwenye katuni na matangazo. Frees anasoma maneno yake kwa uzito wote, kana kwamba anatangaza tukio kubwa kuliko yote ya karne, na chini ya sauti hiyo nzito mtazamaji anaona pasi ya umeme ikielea gizani, uzi unaoishikilia ukionekana waziwazi.

Uzi huo ndio moyo wa filamu. Mtengenezaji mwoga angeuficha. Fosselius aliuacha, kwa sababu alijua kwamba kila mtazamaji ana picha ya meli ya Lucas kichwani mwake, na kicheko kinazaliwa pale picha hizo mbili zinapogongana. Ndiyo maana Hardware Wars inamtegemea mtu aliyeitazama Star Wars kwa makini. Sayari inayolipuliwa ni mpira wa kikapu. Roboti mdogo ni mashine ya kufyonza vumbi. Binti mfalme, ambaye katika filamu ya Lucas alisokotwa nywele kama mikate miwili masikioni, hapa amewekwa mikate yenyewe. Luke Skywalker amekuwa Fluke Starbucker, Han Solo amekuwa Ham Salad, na yule mwovu mwenye kofia nyeusi anazungumza ndani ya kofia yake kiasi kwamba hakuna anayemwelewa. Mwenzi mwenye manyoya ni kikaragosi cha Cookie Monster wa Sesame Street kilichotiwa rangi ya kahawia. Miaka miwili baadaye, Frank Oz, mchezeshaji wa Cookie Monster mwenyewe, alionekana kazini akimchezesha mhusika Yoda katika filamu iliyofuata ya Star Wars.

Lucas alilipokeaje jambo hili? Ifahamike kwamba zama hizo studio hazikuwa na huruma. Mwaka huohuo wa 1978, 20th Century Fox iliishtaki Universal ikidai kwamba tamthilia ya Battlestar Galactica imeiba mawazo ya Star Wars. Lakini Fosselius hakuguswa. Mwaka 1983 sauti yake iliingia katika Return of the Jedi: yule mtunzaji anayelia kwa uchungu baada ya mnyama wake kuuawa, kilio ni cha Fosselius. Na mwaka 1999, akihojiwa na televisheni ya Uingereza, Lucas aliitaja Hardware Wars kuwa ndiyo aipendayo zaidi kati ya filamu za aina hiyo.

Fedha nazo zilirudi. Nakala za milimita 16 zilisambazwa kwa shule na maktaba, na inatajwa kwamba filamu iliingiza kama dola milioni moja, jambo ambalo ni nadra mno kwa filamu fupi.

Kizazi kilichofuata kilikuwa na kompyuta. Mwaka 1997 Kevin Rubio alitoa Troops, akiwachukua askari wa kofia nyeupe wa Star Wars na kuwaweka katika kipindi cha televisheni cha polisi wa doria. Ilienea kwa intaneti wakati ambapo kupakua video fupi kulichukua saa nzima au zaidi. Mwaka 1999 Joe Nussbaum alitengeneza George Lucas in Love, akimwonyesha Lucas akiwa mwanafunzi anayetafuta hadithi huku wahusika wake wote wamemzunguka chuoni bila yeye kuwatambua. Zote mbili ni kazi nzuri, kwa sababu kila moja ina wazo moja na inalishikilia mpaka mwisho. Mwaka 2002 kampuni ya Lucas ilianzisha mashindano rasmi ya filamu za mashabiki, na mwanzoni ilikubali za mzaha na za hali halisi tu, ikizikataa hadithi mpya za dhati. Mzaha ulikuwa umepata leseni.

Hata Hardware Wars yenyewe haikuachwa salama. Mwaka 1997, Lucas alipokuwa akirudisha filamu zake sokoni zikiwa na picha mpya za kompyuta, toleo jipya la Hardware Wars nalo lilitolewa likiwa limeongezewa madoido ya kidijitali, bila ridhaa ya Fosselius. Nia huenda ilikuwa kuendeleza mzaha uleule, lakini matokeo ni hasara. Madoido yanapoingia, jicho linaanza kutazama kompyuta badala ya kutazama pasi, na kicheko kinakosa pa kushika.

Kwa hiyo msomaji anayetaka kuitazama, au kijana anayepanga kutengeneza mzaha wake mwenyewe kwa simu na vyombo vya jikoni kwao, atafute toleo la mwaka 1978. Ni dakika 13 tu.