Bei ya Tiba na Mkono wa Serikali

Mwaka 1977 Bunge la Tanzania lilipitisha sheria ya kudhibiti hospitali binafsi. Ilikuwa na shabaha mbili. Kwanza, nje ya Serikali, hospitali zingeendeshwa na taasisi zilizoidhinishwa tu, hasa za dini na za hisani. Pili, ada ambazo taasisi hizo zingemtoza mgonjwa zingekuwa chini ya udhibiti wa Serikali. Daktari aliyefungua kliniki mjini kwa ajili ya faida hakubakiwa na nafasi.

Sheria hiyo ilikuwa mtoto wa Azimio la Arusha la 1967. Tangu ukoloni, madaktari na vitanda vilikuwa vimerundikana mijini, huku watu wengi wakiishi vijijini. Katika miaka ya 1970 Serikali ilielekeza fedha kwenye zahanati na vituo vya afya vya vijijini, na tiba katika vituo vyake ikawa ya bure. Watawala waliona kwamba daktari mwenye kliniki ya faida mjini angewavuta wataalamu wachache waliokuwapo kwenda kwa wenye fedha. Kwa hiyo waliamua kumwondoa muuzaji badala ya kubishana naye juu ya bei.

Uamuzi huo ulidai jambo moja: hospitali ya Serikali iwe na cha kumpa mgonjwa. Hapo ndipo mambo yalipokwama. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka uleule wa 1977, vita na Idi Amin vikafuata, bei ya mafuta ikapanda na fedha za kigeni zikaadimika. Dawa zilipungua rafuni. Mgonjwa aliandikiwa cheti bure, kisha akaambiwa akatafute dawa mwenyewe. Mshahara wa daktari haukutosha kumlisha mwezi mzima, naye akawatibu watu jioni kwa siri au akaenda kufanya kazi nchi nyingine. Bei iliyokatazwa kisheria ikawa inalipwa gizani, bila stakabadhi na bila wa kuisimamia.

Mwaka 1991, chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, sheria ilirekebishwa na wataalamu wenye sifa wakaruhusiwa kumiliki na kuendesha hospitali kwa idhini ya wizara. Hospitali binafsi, maabara na maduka ya dawa yakaongezeka, Dar es Salaam ikiongoza. Miaka miwili baadaye Serikali yenyewe ilianza kutoza ada katika hospitali zake, kwa utaratibu ulioitwa uchangiaji wa gharama. Msamaha uliwekwa kwa wajawazito, kwa watoto wa chini ya miaka mitano na kwa baadhi ya magonjwa kama kifua kikuu na ukoma. Wengine walilazimika kuingiza mkono mfukoni. Katika kipindi cha miaka 16 nchi ilikuwa imetoka kwenye kuikataza biashara ya tiba na kufika mahali ambapo karibu kila mlango una mtunza fedha.

Jibu la Serikali safari hii lilikuwa kuwa mnunuzi. Sheria ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, ilitungwa mwaka 1999, na Mfuko ukaanza kazi mwaka 2001. Ulianza na watumishi wa umma: asilimia 3 ya mshahara ilitoka kwa mtumishi na asilimia 3 kwa mwajiri. Mwenye kadi aliweza kutibiwa hata katika hospitali binafsi zilizosajiliwa na Mfuko, na hospitali ikajaza fomu za madai kulingana na orodha ya bei iliyopangwa. Bei ya kila huduma ilijulikana. Idadi ya huduma haikujulikana. Kwa kuwa kila kipimo na kila dawa vililipiwa peke yake, kadiri mgonjwa alivyopimwa zaidi ndivyo dai lilivyonenepa. Udanganyifu katika madai nao ukawa hoja ya kila mara.

Mvutano ulifika kilele tarehe 1 Machi 2024. NHIF ilianza kutumia kitita kipya cha mafao chenye bei zilizopitiwa upya. Hospitali binafsi, kupitia chama chao cha APHFTA, zilisema baadhi ya bei hizo haziwezi hata kurudisha gharama, na nyingi zikasitisha huduma kwa wenye kadi za Mfuko. Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, aliwaelekeza wanachama kwenye hospitali za umma, za dini na zile binafsi zilizokuwa tayari. Maelekezo ya aina hiyo yasingekuwa na uzito mwaka 1985. Mwaka 2024 yalikuwa nao, kwa sababu katika muongo uliotangulia Serikali ilikuwa imejenga vituo vya afya na hospitali za wilaya kwa kasi, na mgonjwa alikuwa na pengine pa kwenda. Hata hivyo, hospitali zilizogoma nazo zilionyesha kwamba orodha ya bei isiyokubaliwa na mtoa huduma inaweza kumwacha mwanachama mlangoni, kadi yake ikiwa hai.

Novemba 2023, miezi michache kabla ya mgomo huo, Bunge lilikuwa limepitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, baada ya muswada wake wa 2022 kuahirishwa. Lengo lake ni kila mkazi awe na bima. Likitimia, hospitali binafsi itawapata wagonjwa wake wengi kupitia kadi, na itakuwa vigumu kwake kuikataa bei ya wanunuzi wakubwa. Nguvu hiyo ndiyo iliyokosekana mwaka 1977, lakini ina sharti lake: mnunuzi alipe madai kwa wakati, na gharama halisi za tiba zihesabiwe mbele ya pande zote kabla orodha haijatangazwa. Bila hayo, bei itakuwa nafuu kwenye karatasi, na mgonjwa ataendelea kulipa tofauti kutoka mfukoni mwake.