Houston, tumepata tatizo

Ofisini kwetu hapa London, printa ikigoma tu, lazima mtu aseme "Houston, we have a problem" na watu wacheke. Na mimi nimeisema sana. Wiki hii nimekaa nikasoma ilikotoka, na kumbe wale waliokuwa angani hawakuisema hivyo.

Ilikuwa usiku wa tarehe 13 Aprili 1970. Apollo 13 ilikuwa njiani kwenda mwezini, zaidi ya kilomita 300,000 kutoka duniani. Jack Swigert akawasha feni za kukorogea oksijeni ndani ya matangi. Kulikuwa na waya ambazo ganda lake lilishaungua tangu majaribio ya ardhini. Zikatoa cheche, tangi moja likalipuka. Swigert akaita Houston. Kule hawakumpata vizuri, wakaomba arudie, na aliyerudia ni Jim Lovell, kamanda wa safari: "Houston, we've had a problem." Yaani tumepata tatizo, si tuna tatizo. Hiyo "tuna" imeenezwa na filamu ya mwaka 1995, ile ya Tom Hanks, iliyobadilisha maneno kwa sababu yenyewe yalisikika kama jambo lililokwisha.

Kwetu -me- haina utata huo. Ukisema "nimepata homa", nani atadhani umeshapona? Homa imeingia na bado unayo.

Lakini kilichonishika zaidi ni sauti zao. Sikilizeni rekodi. Oksijeni inavuja, nao wanaongea kama watu wanaoagiza chai. Wakahamia kwenye chombo cha kutulia mwezini, kilichoundwa kwa watu wawili kwa siku mbili hivi. Wakakaa watatu, siku tatu na nusu, kwa baridi kali na maji ya kupimiana, mpaka waliposhuka baharini Pasifiki tarehe 17.

Hapo nikamkumbuka mama. Mwaka juzi alinipigia: "Mwanangu, tumepata kimtihani kidogo, usijali." Nikamwambia, mama, niko kwenye mkutano, nitakupigia jioni. Sauti yake ilikuwa ileile ya siku zote, na mtihani kwangu mimi ulikuwa bado ni karatasi ya shule. Baba alikuwa keshaingizwa chumba cha upasuaji.

Alipona, alhamdulillah. Siku hizi mama akisema "kidogo", natoka mkutanoni.