Kawangware Hadi Tao, kwa Miguu

Mvua ikinyesha asubuhi, nauli ya 46 inaruka hadi mia. Ikifika hapo, mimi nafunga kamba za viatu na kushika njia. Kutoka Kawangware hadi tao ni kama kilomita kumi, masaa mawili ukitembea kama mtu anayedaiwa. Na siko peke yangu. Saa kumi na mbili barabara imejaa: vijana wa mjengo, mama fua, askari wa geti wanaorudi kutoka zamu ya usiku, watoto wa shule. Katika jiji hili zaidi ya safari nne kati ya kumi ni za miguu. Lakini angalia barabara zetu uniambie kama ungekisia.

Nilisomea mipango miji chuo kikuu kwa mihula mitatu, kisha karo ikanishinda. Digrii sikutoka nayo, ila nilitoka na tabia moja: kuangalia ramani za zamani. Na ukishaziangalia, hii njia ya 46 haiwezi tena kuwa njia tu.

Dakika ishirini hivi baada ya kutoka nyumbani, mtaa unabadilika ghafla. Nyuma yako kuna mabati, vibanda vya sukuma wiki na mtaro wa maji meusi. Mbele kuna ua uliokatwa vizuri, mijakaranda, na geti lenye askari. Umeingia Lavington. Hakuna mlima wala ziwa lililotenganisha pande hizi mbili. Watu husema ni pesa tu. Mimi nasema pesa ilikuja ikakuta mstari ushachorwa.

Tuanze na reli. Mwaka 1899 ilifika mahali Wamaasai walipaita Enkare Nyirobi, maji baridi. Wahandisi walitaka tambarare yenye maji kabla ya kuanza kupanda miinuko. Palikuwa pazuri kwa treni lakini pabaya kwa mji, kwa sababu palikuwa kinamasi. Mwaka 1902 tauni ikazuka, na wakubwa wakachoma soko la Wahindi. Mwaka 1913 daktari mmoja Mwingereza, Profesa William Simpson, alitumwa kuchunguza usafi wa miji ya Afrika Mashariki. Alipendekeza Wazungu, Wahindi na Waafrika wakae mbalimbali, kwa ajili ya afya. Hivyo ndivyo ubaguzi ulivyovalishwa koti jeupe la daktari.

Wazungu wakachukua miinuko ya magharibi na kaskazini, kwenye udongo mwekundu unaokunywa maji na hewa baridi. Waafrika wakapangiwa mashariki, kwenye udongo mweusi unaoshika maji kama sufuria. Ndiyo maana hadi leo mvua ileile inanyesha Nairobi mbili tofauti.

Hiyo hadithi ya mashariki wengi wanaijua. Yetu ya magharibi haisimuliwi sana. Upande wa Lavington kulikuwa na kahawa. Mapadri wa misheni ya St Austin's walikuwa hapo tangu 1899. Lakini Kawangware, Kangemi na Dagoretti zilikuwa ndani ya hifadhi ya Wakikuyu, chini ya Kiambu. Huo ndio mstari ninaouvuka asubuhi. Huku shamba la mlowezi, kule hifadhi. Mwanaume wa hifadhi aliingia mjini kufanya kazi akiwa na kipande shingoni, jioni akarudi. Hifadhi ilikuwa karibu kiasi cha mtu kufika kazini kwa miguu, na ilikuwa nje ya mpaka kiasi cha halmashauri ya mji kutodaiwa bomba, taa wala barabara. Mji ulipata mikono bila kulipia kitanda.

Mpango mkuu wa 1948, ulioandikwa na wataalamu watatu kutoka Afrika Kusini, ulijitahidi kutosema mambo ya rangi. Ulisema vitongoji, bustani, viwanda, umbali. Lugha ilikuwa safi. Lakini ukipanga mji uliogawanywa tayari, halafu useme wewe huangalii rangi, umeuacha ulivyo.

Kisha ikaja miaka ya hali ya hatari. Mpango wa Swynnerton wa 1954 ukaleta hatimiliki kwa mashamba ya Wakikuyu, na hapa ndipo Kawangware inapotofautiana na Kibera. Kibera ilianza kama makao ya wanajeshi Wanubi, kwenye ardhi ambayo serikali ilishikilia kuwa ni yake. Kawangware ardhi ni ya watu, na wana karatasi. Mzee alikuwa na shamba, akawagawia wanawe, nao wakajenga safu za vyumba vya mabati vya kukodisha. Kwa hivyo mtu akikuambia Kawangware imejaa wavamizi, mwambie akatafute ramani. Hapa tatizo halikuwa watu kukosa hati. Tatizo lilikuwa hati zenye mashamba ambayo mji haukuwahi kuyafikia.

Mwaka 1963 mipaka ya Nairobi ikapanuliwa kutoka chini ya kilomita za mraba 100 hadi karibu 690. Kawangware ikaamka ikiwa mjini. Jina lilifika haraka, mabomba hayakuja na mbio hizo. Mwaka 1973 jiji likapata mkakati mpya wa ukuaji, wa kulifikisha mwaka 2000. Mimi nilizaliwa mwaka 2000. Mpango mkuu uliofuata ulikuja 2014, wakati niko darasa la nane. Utoto wangu wote umekaa katika hilo pengo, na wakati huo watu hawakungoja: sensa ya 1999 ilihesabu milioni 2.1 Nairobi, ile ya 2019 ikahesabu milioni 4.4. Watu hao wote walilala mahali. Wengi walilala kwenye vyumba kama chetu.

Chumba chetu. Mwaka jana mwenye ploti alikuja jioni, akasimama mlangoni na kofia mkononi.

"Mama Kevo, mwisho wa mwezi tunabomoa. Vijana wangu wanataka kujenga fleti."

"Hata sisi tuna watoto, baba."

"Najua, mama. Ndio maana nimekuja mwenyewe, sijamtuma mtu."

Mama amekaa hapo miaka kumi na tisa. Hakulia. Alianza kuhesabu sufuria. Mzee sio mtu mbaya, na hilo ndilo linaniuma zaidi, kwa sababu sina wa kukasirikia. Shamba ni la baba yake, hati anayo, vyumba vya mabati havilipi. Lakini bomba la majitaka halijafika kwenye kijia chetu. Fleti za ghorofa sita zitategemea shimo na gari la kunyonya, kama sisi, tofauti ni kwamba familia zitakuwa mara tatu.

Ng'ambo ya mstari pia wanabomoa. Lavington na Kileleshwa, nyumba moja yenye bustani inakuwa jengo refu la familia nyingi, na mabomba ya chini ni ya enzi za bustani. Lakini kuna tofauti nimeiona kwa macho. Kule, bango huwekwa kwenye geti kutangaza kwamba mwenye kiwanja anataka kubadilisha matumizi yake, na wakazi huandika barua kupinga. Wakati mwingine wanashindwa, lakini wanajua siku na wanajua ofisi. Katiba ya 2010 na sheria ya mipango ya 2019 zinasema umma ushirikishwe. Kwetu bango kama hilo sijawahi kuliona. Na hata lingekuwepo, mpangaji angeandika kama nani? Mstari wa zamani uliuliza wewe ni rangi gani. Wa siku hizi unauliza nani anafaa kuulizwa.

Ukimaliza Hurlingham unashuka Valley Road. Kulia kwako ni Uhuru Park, ambako mwaka 1989 Wangari Maathai alisimama dhidi ya jengo la ghorofa 60, akatukanwa, na jengo halikujengwa. Hapo mbele yako, juu ya Uhuru Highway, inapita barabara ya kulipia iliyofunguliwa 2022, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands. Ni kazi safi, siwezi kudanganya. Ila mimi naipitia chini, nikikimbia kati ya magari. Desemba 2018 kaunti ilipiga marufuku matatu kuingia katikati ya jiji, na waliozoea kushukia mlangoni pa ofisi wakatembea kama sisi. Hasira ilikuwa kubwa, na marufuku haikumaliza wiki. Nilijiuliza: kumbe kutembea kunaweza kuwa dharura? Kwetu kulikuwa Jumatatu.

Sisemi tusipange. Kutopangwa ndiko kulikotuletea mtaro mweusi. Nasema mpango ukija, uanze na anayetembea na anayekodisha, kwa sababu hao ndio wengi, na uwaulize kabla tingatinga halijawashwa. Bomba litangulie ghorofa. Njia ya miguu itangulie barabara ya juu.

Mama alipata chumba Kinoo. Ni kizuri, kina maji, kodi anaiweza. Lakini Kinoo ni Kiambu, hatua chache nje ya mpaka wa Nairobi. Kazi yake bado ni kufua Lavington. Siku ambazo nauli hakuna, anatoka gizani, anafuata Waiyaki Way hadi Kangemi, anakata James Gichuru, na kufikia saa moja unusu yuko getini akingoja kufunguliwa.

Juzi nilimwonyesha ramani ya zamani kwenye simu, ule mpaka wa hifadhi. Aliangalia kidogo, akanirudishia simu.

"Sasa si ni huku huku tumerudishwa?"