Kwa nini njiwa wa kijivu huangua kinda jekundu

NJIWA wa kufugwa wanaozunguka juu ya mapaa ya mabati ya Kilakala, katika Manispaa ya Morogoro, ni wa ukoo mmoja na wale wa miji mingine duniani. Asili yao ni njiwa wa majabali, mwenye rangi ya kijivu, michirizi miwili myeusi katika kila bawa na weupe kiunoni. Hawana undugu wa karibu na ninga, pugi wala tetere, ambao ni ndege wa porini.

Weupe, wekundu, weusi tii na madoadoa ni matokeo ya maelfu ya miaka ya kufugwa. Watoro kutoka mabandani ndio waliozaa makundi ya mitaani.

Mfugaji anayekuta kinda jekundu katika kiota cha jozi ya kijivu huweza kudhani kwamba jike limetoka nje ya ndoa. Si lazima iwe hivyo. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, walieleza jeni tatu zinazotawala sehemu kubwa ya rangi hizo. Mojawapo huleta wekundu unaojificha: wazazi wawili wa kijivu wakiubeba kwa siri, kwa wastani kinda moja kati ya manne hutoka jekundu. Kwa kuwa njiwa hutaga mayai mawili tu kwa mkupuo, mizao kadhaa yaweza kupita kabla rangi hiyo haijajitokeza.

Wekundu wa aina nyingine, wenye kuchanganyika na majivu, hufuata kromosomu ya jinsi. Dume la kijivu likipandana na jike la rangi hiyo, makinda ya kiume humfuata mama na ya kike hufuata upande wa baba. Mfugaji anayelijua hilo hutambua jinsia mapema, kazi ambayo kwa njiwa ni ngumu mno kwa macho.

Njiwa wa waridi mwili mzima ni habari nyingine. Aliyeokotwa New York Januari 2023 alikuwa amepakwa rangi, na alikufa siku chache baadaye.

Wapo wanaoamini kuwa njiwa huhama nyumba yenye ugomvi. Paka, mwewe na njaa huwahamisha upesi zaidi.

Jambo la kuangaliwa zaidi ni kinyesi. Kikikauka huweza kubeba kuvu aitwaye Cryptococcus neoformans, ambaye vumbi lake likivutwa na mtu mwenye upungufu wa kinga mwilini, wakiwamo wanaoishi na virusi vya UKIMWI, huweza kuleta ugonjwa wa utando wa ubongo unaoua usipotibiwa. Banda hunyunyiziwa maji kwanza ndipo lifagiliwe, mfagiaji akiwa amefunika pua na mdomo, na halijengwi juu ya paa linalokinga maji ya mvua ya kunywa. Mwenye kinga dhaifu amwachie mwingine kazi hiyo.