Skrini nyeusi: historia fupi ya Linux na kadi za grafiki

Leo tuziache kidogo habari za programu mpya, turudi nyuma kwenye historia.

Kama umewahi kuweka Linux kwenye kompyuta ya mtumba, iwe hapa Kitale au kule Bungoma, huenda umekutana na skrini nyeusi. Mashine inawaka, feni inazunguka, lakini monita haionyeshi kitu, na mwenye mashine amesimama kando anakuangalia. Jambo hili limekuwa zito zaidi tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilipokomesha msaada wa kawaida wa Windows 10. Kompyuta nyingi za shule na saiba zetu haziwezi kubeba Windows 11, kwa hivyo watu wanauliza habari za Linux. Basi tuone giza hilo linatoka wapi.

Enzi za kuandika faili kwa mkono

Mfumo wa X, unaochora madirisha kwenye Linux, ulianzishwa katika chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1984, na toleo la 11 likatoka 1987. Kwenye kompyuta za kawaida uliletwa na mradi wa XFree86. Mwaka 2004 mradi huo ulibadilisha leseni yake, wengi wakayakataa masharti mapya na kuhamia X.Org. Faili la mipangilio likaitwa xorg.conf. Humo uliandika jina la draiva, ukubwa wa skrini, na masafa ya monita (HorizSync na VertRefresh). Ukizidisha masafa, monita inagoma, na zile za CRT za zamani zingeweza hata kuharibika.

Ajabu ni kwamba monita nyingi zilikuwa tayari zinaweza kujieleza. Mwaka 1994 shirika la VESA liliweka utaratibu wa DDC na EDID, ambapo monita huipa kompyuta orodha ya vipimo vyake kupitia waya ule ule wa VGA. Habari hizo hupita kwenye pini za 12 na 15. Waya wa bei rahisi usio na pini hizo huifanya kompyuta ibahatishe, ndiyo sababu skrini kubwa inakwama kwenye 1024x768. Nimeona mafundi wakiweka upya mfumo mzima mara tatu, kumbe dawa ni waya.

Intel

Hadi katikati ya miaka ya 2000, draiva ya Intel ilitegemea vipimo vilivyoandikwa kwenye BIOS ya kadi. Kama kipimo cha skrini yako pana hakikuwemo, ulihitaji kiprogramu kiitwacho 915resolution ili kuirekebisha orodha hiyo kila unapowasha. Mwaka 2007 draiva mpya ikaanza kupanga vipimo yenyewe. Machi 2009, kwenye Linux 2.6.29, kazi hiyo ikahamia ndani ya keneli (KMS), chipu za Intel zikitangulia. Ndiyo maana ile Dell OptiPlex ya ofisini, ambayo hakuna anayeisifu, huwaka na Linux bila maneno mengi.

Kadi zenye siri

AMD ilianza kutoa nyaraka za kadi zake mwaka 2007. NVIDIA ilibaki na draiva iliyofungwa, hata Juni 2012 Linus Torvalds akaitukana hadharani pale Aalto University, Ufini. Draiva hiyo ilikuwa na kasi, lakini uhai wake uko mikononi mwa kampuni. Mfululizo wa 340, uliohudumia GeForce za 8, 9 na 200, ulikoma mwisho wa 2019. Keneli inaendelea kubadilika, draiva imesimama. Siku moja unasasisha mfumo, unapata giza.

Shule moja huko Bungoma niliyoisaidia ilikuwa na mashine za aina hiyo, na walikuwa wameambiwa ni chuma chakavu. Kadi zilikuwa nzima kabisa. Tuliiondoa draiva ya kampuni, tukaiacha nouveau ifanye kazi. Hiyo ni draiva huria iliyoandikwa na watu waliozichunguza kadi hizo bila kupewa nyaraka, ikaingia kwenye keneli 2.6.33 mwaka 2010. Haina kasi ya michezo, lakini wanafunzi wanaandika na kujifunza Python. Mei 2022 NVIDIA nayo ilifungua sehemu ya keneli ya draiva yake, ila kwa kadi za kuanzia kizazi cha Turing (2018). Mitumba yetu mingi haimo.

Ya kubeba nyumbani

Kabla ya kununua, iwashe Linux kutoka kwa flashi pale pale dukani, kisha andika lspci uijue kadi. Ukipata giza, ongeza nomodeset kwenye mstari wa kuwashia ndani ya GRUB. Picha ikitokea, shida ni draiva. Ukishairekebisha, toa neno hilo, maana linaizima KMS. Vipimo vikikataa, badilisha waya kwanza. Tena, ukubwa wa skrini uliozoea kuupanga kwa xrandr ulikuwa kazi ya X. Ubuntu 25.10 ya Oktoba 2025 inaingia kwa Wayland pekee, kwa hivyo tumia ukurasa wa mipangilio.

Na anayekuambia mashine imekufa, muulize kwanza: ni kadi iliyokufa, au ni draiva?

Wiki ijayo tutaangalia printa. Kila la heri.