Ghala la takwimu za afya Meru na Embu lilivyokwepa vita vya wauzaji

GHALA la takwimu ni hifadhidata inayopokea habari kutoka sehemu nyingi na kuziweka kwa miaka, ili wakuu waulize maswali mazito: malaria imezidi wapi, chanjo zilipungua mwezi gani?

Biashara hii imekuwa ya mabwanyenye. Teradata, iliyoanzishwa Marekani mwaka wa 1979, ilitamba kwa muda mrefu. Mnamo 2008 Oracle ilijibu kwa Exadata, mashine na programu zikiuzwa pamoja. Kisha wakubwa wakaanza kuwameza wadogo: mwaka wa 2010 IBM iliinunua Netezza kwa takriban dola bilioni 1.7, nayo SAP ikaitwaa Sybase. HP iliichukua Vertica mwaka uliofuata. Amazon ilipotangaza Redshift mnamo 2012, ghala likawa kitu cha kukodi kupitia mtandao.

Zahanati za Meru na Embu hazikungojea mshindi. Mwaka wa 2011, Wizara ya Afya ilieneza kote nchini mfumo wa DHIS2, uliobuniwa chini ya Chuo Kikuu cha Oslo, Norway. Mfumo huo hautozwi ada ya leseni, na takwimu zake hukaa katika PostgreSQL, hifadhidata nyingine ya bure.

Mwisho wa mwezi, muuguzi wa Tigania au Mbeere hujumlisha madaftari yake katika fomu kama vile MOH 705, ya wagonjwa wasiolazwa. Takwimu zikishaingizwa kwenye tarakilishi, afisa aliye Embu mjini na mwenzake wa Nairobi husoma tarakimu ileile.

Faida ilidhihirika mwaka wa 2013. Hadi wakati huo Embu ilikuwa makao makuu ya Mkoa wa Mashariki, uliofika hata Moyale. Kaunti zilipokabidhiwa huduma za afya, kila moja ilihitaji hesabu zake, na ghala lilikuwapo tayari.

Bure, hata hivyo, ina gharama zake: seva, mafunzo, umeme na mtandao. Tena fomu isiyowasilishwa huacha pengo ambalo programu yoyote, hata ya mamilioni, haiwezi kuliziba. Isitoshe, mifumo ya kumbukumbu za mgonjwa mmoja mmoja ni soko jingine, lenye wauzaji wake. Mfumo wa hospitali usipowasiliana na DHIS2, karani hulazimika kuzichapa upya jumla zilezile kwa mkono.