Wamama Walikuwa Ufuoni

Kwetu Matete hakuna bahari. Kuna mahindi na miwa, na shuleni historia ya Pwani tulifundishwa kama ya majahazi: wageni walifika, wakajenga, basi. Sisi wa bara tulikuwa watazamaji tu.

Tuliposhuka Pwani na mama, dada yangu na watoto wake, niliwapeleka Jumba la Mtwana, ng'ambo ya daraja la Mtwapa ukitoka Mombasa. Unalipa getini, unapita mibuyu na magofu, halafu ufuo huo hapo. Umetulia, hauna kelele za hoteli, watoto wanacheza majini bila presha.

Mji huu ulijengwa karibu mwaka 1350, ukahamwa baada ya miaka mia hivi. Tarehe hizo zinatokana na vigae vya vyombo vya China vilivyopatikana James Kirkman alipochimba hapa mwaka 1972. Nyumba ni za mawe ya matumbawe. Msikiti ulio karibu na maji una birika, na dalili za chumba cha wanawake.

Mama alisimama hapo kitambo. "Kwa hivyo wamama pia walikuwa hapa?"

Walikuwa. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa DNA ya watu 80 wa kale, wakiwemo waliozikwa Mtwapa, jirani kabisa. Wengi wao, zaidi ya nusu ya asili yao ni ya Kiafrika, hasa kupitia mama. Sehemu ya Asia, hasa Uajemi, iliingia zaidi kupitia baba. Yaani jahazi lilipotia nanga, kulikuwa na mwenyeji. Na watoto walikua wakiongea lugha ya Kibantu, ndugu ya Kiluhya chetu: wao wakisema mtu, sisi omundu.

Kwetu hatukujenga kwa matumbawe. Ngome ya Chetambe, si mbali na Matete, ambako Waingereza walipigana na watu wetu mwaka 1895, ilikuwa ya udongo na handaki. Udongo hauachi kuta za kupigia picha. Jumba lina geti na tiketi, lakini ngome yetu inakaa midomoni mwa wazee, na wazee wanapungua.

Ukirudi ushago likizo hii, keti nao. Uliza, na simu yako iwe inarekodi.